Tangi Lisilo na Koki

Ilikuwa sauti ya maji iliyotushtua. Milio ya risasi tulikuwa tumekwisha kuizoea. Haya yalikuwa maji yakimwagika nje ya ukuta, upande wa barabara, mfululizo, kama mtu amejaza ndoo yake akaenda zake na kulisahau bomba wazi. Tulikuwa tumekaa sakafuni katika ghala la vipuri la Mwalimu Kabera, huku Gatsata, pembezoni mwa Kigali, migongo imeegemea magurudumu na milango mikuukuu ya magari, watoto wamelala mapajani mwetu. Kila mmoja alisikia.

Gahongayire, mke wa Mwalimu, aliinuka akatoka uani. Tulimsikia akiligonga tangi kwa kifundo cha kidole. Juu liliitika tupu. Akashusha mkono, akagonga tena, tupu. Alipofika usawa wa kifua ndipo sauti ikawa nzito.

"Wamelivunja bomba," alisema aliporudi. "Wanatumwagia."

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, msahafu umefunguka mbele yake. Hakuinua uso. Niliutazama mkono wake. Kidole kilikuwa kimesimama juu ya mstari ule ule uliokuwa chini yake tangu asubuhi.

Ili mtu aelewe kwa nini hakuna aliyekimbilia kuyafunga yale maji kwa ndani, sina budi kueleza habari ya tangi.

Mwalimu hakuwa shehe wa vyeti. Ujana wake wote aliumaliza kwenye usukani, akivuta mizigo kutoka Mombasa hadi Kigali, na dini aliisoma kwenye vitabu vilivyokaa nyuma ya kiti cha dereva. Alipochoka safari alinunua kiwanja Gatsata, akafungua biashara ya vipuri, akajenga msikiti mdogo wa mabati ubavuni mwa nyumba. Mimi nilipanga kwake chumba kimoja. Nilikuwa mshonaji, na Mkatoliki, na Jumapili nilishuka kwenda misa bila mtu kuninunia.

Ramadhani ya mwisho kabla ya vita ilikutana na kazi nyingi. Nilikuwa nikikunja pindo za kanzu za Idi, na kila alasiri, baada ya swala, Mwalimu alikaa barazani akasomesha maisha ya Sayyidna Othman bin Affan, khalifa wa tatu. Mwanzoni nilisikiliza kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi. Wiki ya pili nilikuwa nimeisogeza cherehani yangu dirishani, na Mwalimu alipofika mahali pa kugusa moyo, miguu yangu iliacha kukanyaga. Wanawake waliokuwa nyuma ya pazia walicheka. "Cherehani ya Donatille imesilimu," walisema, "bado mwenyewe."

Alimweleza Othman kana kwamba ni mfanyabiashara aliyemfahamu pale sokoni Nyabugogo. Mtu tajiri, mwenye haya nyingi, ambaye hata malaika, alisema, walimwonea haya. Aliwalisha watu nyama, kisha akaingia kwake akala mkate na siki. Lakini habari aliyoipenda Mwalimu kuliko zote ilikuwa ya kisima cha Ruma. Watu wa Madina walikuwa na shida ya maji matamu, na mwenye kisima aliwauzia kwa kiriba. Othman akanunua nusu: siku moja kisima chake, siku moja cha yule bwana. Siku yake akawaachia watu wateke bure. Wakawa wanateka maji ya siku mbili kwa mkupuo.

"Siku ya yule bwana," Mwalimu alisema, "kisimani yupo yeye na vyura wake." Watu walicheka. "Mwishowe akaja mwenyewe akasema, bwana, chukua na nusu iliyobaki."

Ndiyo sababu ya tangi. Miaka miwili kabla, lori la mafuta lilikuwa limepinduka mteremkoni, na Mwalimu akalinunua tangi lake kama chuma chakavu. Likasuguliwa kwa sabuni na mchanga, likapandishwa juu ya mawe uani, likaunganishwa na michirizi ya paa la msikiti. Paipu ilizikwa chini ya ua, ikapita ukutani, ikatokea barabarani, na huko nje ndiko likafungwa bomba, ili mwenye shida asilazimike kubisha hodi. Alilitamka kuwa wakfu mbele ya watu. Kisha akafanya jambo lililowachekesha mafundi. Tangi lile lilikuwa na koki kubwa tumboni, ya kufungia. Aliamuru ikatwe na paipu iungwe moja kwa moja.

"Najijua," aliwaambia. "Siku nikigombana na jirani, mkono utaikimbilia ile koki."

Aliyeikata na kuunga paipu alikuwa Mutsinzi, fundi wa kuchomelea, mwanafunzi wake wa siku nyingi, mwenye sauti nzuri ya adhana. Mama yake, Mukankusi, aliuza maparachichi kando ya bomba na ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuyanywa maji yale. Yalinuka dizeli mwaka mzima. "Maji ya Mwalimu," alikuwa akiwaambia wapita njia, "ukishayanywa usikae karibu na moto."

Mwisho wa Ramadhani ile Mwalimu alifika kwenye kifo. Alisema jinsi waasi walivyoizingira nyumba ya Othman, mzee aliyepita miaka themanini. Jinsi walivyomzuilia maji, yeye aliyewapa watu kisima. Jinsi vijana walivyokuja na panga zao kumtetea naye akawaamuru wazirudishe alani, maana hakutaka damu ya Waislamu imwagike kwa ajili yake. Wakamwua akiwa amefunga, anasoma. Mkewe Naila alinyoosha mkono kulikinga pigo, wakamkata vidole.

Mutsinzi hakuwa akija sana siku hizo. Alikuwa amejiunga na vijana wa chama tawala, amepewa shati lao la kitenge. Lakini siku ile alikuwepo, na aliuliza swali lake kwa adabu kama zamani.

"Mwalimu, si huo ni woga?"

"Mwoga huitoa damu ya mwenzake apone yeye," Mwalimu alijibu. "Othman aliitoa yake."

Mutsinzi alitikisa kichwa, sikujua kama ni kwa kukubali.

Idi tuliila katikati ya Machi. Aprili ndege ya rais ilianguka, na asubuhi yake kukawa na kizuizi chini yetu, njia ya kuelekea Nyabugogo: magogo, matofali, na kiti cha plastiki cha Léonce, muuza matairi, aliyekuwa mkubwa wao. Waliangalia vitambulisho. Waliokuwa na jina la kabila lile lililowindwa kwenye kitambulisho waliketishwa mtaroni, kisha mtaro ukajaa. Niliona mwanamke akipigwa rungu huku amembeba mtoto mgongoni, na aliyempiga alikuwa mtu niliyemshonea suruali ya harusi.

Watu walianza kuingia kwa Mwalimu, mmoja mmoja, wengine kwa kuruka ukuta. Hakumwuliza mtu kabila wala dini. Aliwaweka ghalani, akatandika mkeka wake mlangoni. Mafundi wa gereji, Waislamu wengi wao, nao walikuja, wakiongozwa na Ndihokubwayo, Mrundi aliyeikimbia Bujumbura mwaka uliopita. Walileta ekseli, minyororo na springi za magari. Mwalimu aliwaambia vyuma hivyo viwekwe chini. Damu haitamwagika kwa mikono yetu, alisema. Atatoka, atazungumza.

Na kweli alitoka, akazungumza. Léonce alimheshimu, maana walikuwa wakiuziana kwa miaka.

"Muzee," alimwambia kwa Kiswahili chake, "sisi hatuna matata na Waisilamu. Wewe toa ile mizigo yako tu."

"Hapa hakuna mizigo. Kuna wageni."

Léonce alicheka, akaondoka. Siku hiyo Mwalimu alirudi ndani uso umekunjuka, na nilidhani, kama yeye, kwamba maneno yanatosha.

Kesho yake akaja kaka yangu Cassien. Alikuwa akifanya kazi kwenye baa moja kule Gisimenti na sijui alipitaje vilima vyote vile. Nilimwona kupitia ufa wa geti: shati limechanika, anakuja kwa kuyumba. Angebisha, tungemfungulia. Lakini kiu ilimshinda. Aliinama kwanza kwenye bomba. Walitoka mtaroni nyuma yake, watatu, na wa kwanza alikuwa na rungu la misumari. Lilipompiga kisogoni alishika bomba kwa mikono miwili kama mtu anayemshika ndugu. Walimkata mikono ndipo akaliachia. Nilitaka kupiga kelele, Gahongayire akaniziba kinywa kwa kiganja chake, nikakiuma hadi nikaonja damu, naye hakukiondoa.

Mwalimu alikuwa amesimama karibu yetu, mkono juu ya kitasa. Alitoka. Alimkuta Léonce akiosha rungu lake pale pale bombani.

"Muchukue huyu," Léonce alisema. "Mimi si mubaya."

Alimbeba kaka yangu mgongoni, akamleta. Tulimzika nyuma ya msikiti. Jioni ile Ndihokubwayo alikaa mbele ya Mwalimu, akasema polepole, bila hasira:

"Mwalimu, Bujumbura nako tuliongea kwanza."

Mwalimu alifungua msahafu. Nilijua anachokifanya, maana nami nilikuwa nimeisikia darsa ile dirishani: alikuwa anajiandaa kufa kama Othman. Sikumchukia kwa hilo. Nilidhani ndivyo watu wema wanavyofanya. Ila nilijiuliza, na bado najiuliza, kama alikuwa amewahesabu watoto waliokuwa nyuma ya mgongo wake.

Basi hiyo ndiyo hali tuliyokuwa nayo wakati maji yalipoanza kumwagika. Léonce na watu wake hawakujua habari ya koki. Mutsinzi alijua, naye sasa alikuwa upande wao. Walikuwa wamegundua kwamba kutuvamia kungewagharimu, na kiu ingewafanyia kazi bila gharama. Mvua ya Aprili, ambayo mwaka wowote haikosi, ilikuwa imekatika kwa siku ya tatu sasa, na jua lilikuwa likiwaka juu ya mabati. Mtoni hakuna ambaye angefika akiwa hai, na maji ya mto yenyewe yalikuwa yakipitisha maiti.

Gahongayire alisimama mbele ya mkeka.

"Baba, paipu inapita chini ya ua. Ichimbwe, ipondwe."

"Ni wakfu," Mwalimu alisema. "Nimeshaitoa. Si yangu tena niifunge."

"Anayekunywa sasa ni nani? Barabara?"

Watoto walikuwa wameamka, na mmoja aliuliza kama maji yale ni mvua. Hapo Gahongayire alichuchumaa, akazungumza chini chini. Nilikuwa hatua chache tu, nikasikia kila neno.

"Kisima cha Othman kilikuwa cha Othman. Na damu ilikuwa yake. Alitoa vyake. Hawa umepewa na nani, hata uwatoe?"

Kidole cha Mwalimu kilitoka kwenye mstari.

"Na Naila," mkewe aliendelea, "alinyoosha mkono mtupu. Mimi mkono wangu leo si mtupu." Akaenda jikoni, akarudi na mchi.

Mwalimu aliufunga msahafu, akaubusu, akaupa mwanamke mzee aliyekuwa karibu amshikie. Alivua kofia. Alichukua jembe mwenyewe. Alichimba kwa utaratibu, udongo akiuweka upande mmoja kama mtu anayechimba msingi, hadi paipu ikaonekana, imelowa kwa baridi ya maji yaliyokuwa yakikimbia ndani yake. Ndihokubwayo alimpa nyundo kubwa ya gereji. Kabla ya kupiga alimtazama yule Mrundi na wale vijana waliosimama mikono mitupu.

"Chukueni vyuma vyenu," alisema.

Pigo la kwanza lilibonyeza. La pili, la tatu, paipu ikawa bapa kama ulimi. Ikavuja kidogo kwenye mshono, akaufunika kwa mpira wa gurudumu akaukaza kwa waya. Na nje sauti ikafifia, ikawa matone, ikanyamaza. Kimya kile kilikuwa kizito kuliko maji yenyewe. Wote wa pande mbili za ukuta tulikisikiliza.

Kisha sauti ikaja kutoka barabarani, sauti nzuri, ile ya adhana.

"Mwalimu. Umefunga wakfu?"

"Nimefunga," Mwalimu alisema.

Ndipo walipokuja. Guruneti liling'oa geti na pamoja nalo mtu aliyekuwa nyuma yake, fundi wa breki, sikuona kilichobaki cha kuzika. Waliingia wakipiga filimbi, na vijana wa gereji wakawapokea kwa ekseli. Sitasema mengi. Chuma kikikutana na mfupa hutoa sauti ambayo mshonaji hapaswi kuijua. Ndihokubwayo alikuwa akizungusha mnyororo, na kila ulipotua mtu alianguka ameshika uso. Léonce alikatwa begani, akarudi nyuma akiita watu wake. Gahongayire alisimama kwenye mlango wa ghala na mchi wake, akitwanga vichwa na mikono, huku analia kwa sauti bila kusimama. Mimi nilikuwa na pasi yangu ya mkaa, imejaa makaa ya moto. Mwanamume mmoja alimshika msichana kwa nywele mbele yangu, nami nikaifungua pasi usoni pake. Sijui jina lake. Niliusikia ule mlio wake kwa miezi, hata nikiwa nimelala mahali pa amani.

Mutsinzi hakupita getini. Ukuta wa nyuma ya tangi ulikuwa mfupi, naye alipajua. Alitua karibu na shimo, panga mkononi, shati lake la kitenge limelowa jasho. Mwalimu alikuwa bado amepiga magoti pale, nyundo mkononi. Nyuma yake kulikuwa na dirisha la ghala, halina nondo, na nyuma ya dirisha watoto.

"Mwalimu, ondoka," Mutsinzi alisema. "Wewe sina neno nawe."

"Rudi kwa mama yako."

"Ondoka, nakuomba."

Alimwomba kweli. Kisha akapiga hatua, si kumwelekea Mwalimu, bali kumpita kando, kwa adabu karibu, kama mwanafunzi anayepita mbele ya waliokaa. Panga lilikuwa limeinuka kuelekea dirishani. Mwalimu aliinuka toka magotini na nyundo ikainuka naye. Alipiga mara moja, nyuma ya sikio. Mutsinzi alianguka ndani ya lile shimo, juu ya paipu aliyoiunga kwa mikono yake, na matope yakawa mekundu.

Walipoona hivyo waliokuwa wakimfuata ukutani walirudi. Hata wa getini, wakiwa wameumizwa na Ndihokubwayo na wenzake, walijikokota hadi kizuizini. Walitutupia mawe na matusi mpaka jua likatua, lakini hawakuingia tena. Siku ya pili yake mizinga ilisikika upande wa Kinyinya, ikakaribia, na alfajiri moja kizuizi kilikuwa kitupu, kiti cha plastiki kimepinduka.

Kabla ya hapo kulikuwa na jambo moja bado. Tulikuwa na maiti, zetu na zao. Mwalimu alimtoa Mutsinzi shimoni, akamlaza kwenye mkeka wake mwenyewe. Vijana walinuna. Mmoja alisema kwamba tone moja lisitumike kwa huyo. Mwalimu alisema halitatumika hata kwa wale wazuri, maji ni ya walio hai. Akapiga viganja kwenye udongo mkavu, akampaka uso na mikono kwa tayamamu, taratibu, bila kuruka hatua, kama alivyomfundisha mwenyewe utotoni. Alimvika sanda niliyoikata kutoka kwenye kitambaa cha kanzu. Nilikata mimi. Mikono yangu ilijua kazi yake, mimi sikuiuliza.

Julai, vita vilipokwisha mjini, Mwalimu alikwenda kwa Mukankusi. Alitembea peke yake, akakaa kitambo, akarudi. Alichomwambia najua, maana Gahongayire alinieleza baadaye: alimwambia ni yeye, kwa nyundo, na mahali alipozikwa. Tangu hapo tulimwona mama yule akishuka bondeni na jerikani lake, kwenye maji ya mto ambayo hakuna aliyethubutu kuyanywa, akipita mbele ya ukuta wetu bila kugeuza kichwa.

Tangi lilirekebishwa Agosti. Paipu mpya, bomba jipya barabarani. Na pale tumboni mwa tangi Mwalimu akarudisha koki. Alimtafuta fundi mgeni, akamsimamia mpaka mwisho, akaijaribu mara nyingi, anafunga, anafungua. Sikumsikia tena akisomesha kifo cha Othman. Alisomesha kisima, na siki, na haya yake, kisha akaruka, akaanza kwa khalifa wa nne.

Asubuhi moja nilikuwa dirishani nikitia uzi kwenye sindano. Mukankusi alikuwa anapanda kutoka bondeni na jerikani tupu. Sijui kwa nini siku ile lilikuwa tupu. Alisimama mbele ya bomba, akaliweka jerikani chini, akabaki amesimama. Mwalimu alikuwa akifagia getini. Aliegemeza ufagio ukutani, akaja, akalifungua bomba, akalishikilia jerikani kwa mikono miwili lisipinduke, hadi likajaa. Mama yule alikinga kiganja bombani, akanywa, akayaweka maji mdomoni kwa muda kabla ya kumeza.

"Bado yananuka dizeli," alisema.

"Kidogo," Mwalimu alisema, akamtwika.